Nani Aliupanda Msitu Huu? Somo la Asubuhi Moja Katika Msitu wa Kakamega

Nani aliupanda Msitu wa Kakamega? Mwanafunzi wa Gredi ya 5 akiulizwa swali hili akiwa darasani, hujibu upesi: ni serikali, ni wazee wa zamani, ni Mungu. Akiulizwa swali hilo hilo akiwa chini ya mti wa mukumu, huku hondohondo wakipiga kelele juu na mbegu zikidondoka kwenye majani makavu, hunyamaza kwanza. Kisha huanza kutazama.

Makala hii inaeleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi, akisaidiwa na wazazi na waongozaji wa msitu, anavyoweza kuligeuza swali hilo kuwa somo la asubuhi moja. Vifaa vinavyohitajika ni vichache na vingi viko nyumbani. Linalohitajika zaidi ni maandalizi, kwa sababu kutembea msituni peke yake si somo. Mtoto anaweza kuzunguka saa tatu na kurudi na uchovu tu. Akienda na swali, hurudi na jibu, na mara nyingi na maswali mengine matatu.

MSITU WENYEWE

Msitu wa Kakamega ndio msitu pekee wa mvua uliosalia nchini Kenya wa aina ile inayopatikana Kongo na Afrika Magharibi. Hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ndani yake kuna zaidi ya aina 300 za ndege na karibu aina 400 za vipepeo. Mito ya Isiukhu na Yala hupita humo ikielekea magharibi, na maji yake huishia Ziwa Viktoria.

Mpaka wa msitu uliwekwa rasmi mwaka 1933. Eneo lililo ndani ya mpaka huhesabiwa kuwa kilomita mraba 240 hivi, lakini si lote lenye miti ya asili. Kuna sehemu za nyasi, sehemu za miti iliyopandwa kwa ajili ya mbao, na mikanda ya majani chai iliyowekwa pembezoni ili kuzuia mashamba kuingia msituni. Mwaka 1967 sehemu za Isecheno na Yala zilitengwa kuwa hifadhi za asili, na katikati ya miaka ya 1980 upande wa kaskazini, pamoja na kipande cha Kisere, ukafanywa Hifadhi ya Taifa.

Kwa hiyo msitu una wasimamizi wawili, na ni vyema mwalimu ajue ni yupi wa kumwendea. Upande wa Isecheno, unaofikiwa kupitia Shinyalu, uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Upande wa Buyangu, ulio karibu na barabara ya kutoka mjini Kakamega kwenda Webuye, uko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

KWA NINI SOMO LIWE NJE

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, unamtaka mwanafunzi aweze kutenda jambo, si kulikariri tu. Asubuhi moja msituni hugusa masomo kadhaa kwa pamoja. Kupima mti ni Hisabati. Kuchunguza udongo ni Sayansi na Kilimo. Kuuliza mpaka uliwekwa lini na kwa nini ni Masomo ya Jamii. Kuandika yaliyoonekana ni Kiswahili au Kiingereza. Kuuliza majina ya miti kwa bibi na babu ni lugha ya mama.

Jambo hili si geni hapa. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi mwaka 1968, na vimewapeleka watoto wa vizazi kadhaa kwenye mbuga na misitu. Kule Isecheno, katika miaka ya 1990, waongozaji wa msitu walianzisha mradi wa elimu ya mazingira unaojulikana kama KEEP. Walikuwa wameona kwamba watalii kutoka mbali walikuwa wakifundishwa majina ya ndege na miti, huku watoto wa vijiji vya karibu wakiujua msitu kama mahali pa kuni na malisho tu. Mradi huo ulifundisha watoto wa shule za karibu, ukaweka vitalu vya miche na ufugaji wa vipepeo.

Nchi nyingine pia zimefuata njia hii. Denmark na Uswidi zilianza kuwafundisha watoto wadogo msituni katika miaka ya 1950, na Uingereza ikajifunza kutoka Denmark katika miaka ya 1990. Mbinu zao ni rahisi: kikundi kidogo, mahali pale pale mara kwa mara, na mtoto kupewa nafasi ya kugusa na kuuliza. Jamii za Magharibi mwa Kenya zilikuwa na jambo la namna hiyo zamani, mtoto alipokwenda na babu yake kutafuta dawa au mti wa kuchongea mpini. Siku hizi mtoto hushinda shuleni, na safari ile haipo tena. Shule inaweza kuirudisha.

KABLA YA SIKU YENYEWE

Wiki moja kabla ya safari, mwalimu huwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja amuulize kukhu au kuka, au mzee yeyote wa karibu, majina ya miti mitano na matumizi ya kila mmoja. Majina hutofautiana kidogo kati ya Waisukha, Waidakho, Wakabras na wengine, na tofauti hizo ziandikwe zote. Orodha ya darasa huenda ikawa na miti hii:

- Mukumu: mtini mkubwa. Ni jina pia la mahali karibu na Khayega.
- Mutere: mti mrefu unaokua haraka, wa mbao.
- Mwiritsa: gome lake ni dawa. Wanasayansi huuita Prunus africana.
- Lusiola: mti wa maua ya njano unaoonekana katika boma nyingi, wa nguzo na mipini.
- Musutsu, mukomari na murembe: miti ya kivuli, mbao, dawa na mila.
- Mukombero: si mti bali ni mmea unaotambaa juu ya miti. Mizizi yake hutafunwa na huuzwa sokoni.

Orodha hii ndiyo ramani ya somo. Mtoto aliyepewa jina la mwiritsa na bibi yake ataingia msituni akiutafuta.

VITUO VITANO VYA SOMO

Ratiba inayofaa ni kuanza saa mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa sita na nusu mchana. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu wanane hadi kumi, kila kikundi na mtu mzima wake. Swali la siku liandikwe kwenye daftari kabla ya kuingia: Nani aliupanda msitu huu? Katika kila kituo, kikundi kitafute ushahidi.

Kituo cha 1: Kusikiliza (dakika 15)

Wanafunzi husimama mahali pamoja, hufumba macho na kunyamaza kwa dakika tatu. Kila sauti mpya huhesabiwa kwa kidole kimoja. Kisha huandika walichosikia: ndege, wadudu, maji, upepo, shoka, pikipiki. Sauti ya shoka au pikipiki ni sehemu ya msitu wa leo, kwa hiyo nayo iandikwe.

Baada ya hapo hutazama juu. Wakibahatika wataona mbega, wenye manyoya meusi na meupe marefu. Mbega hula majani zaidi, na tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe ili kuyasaga. Kima hupenda matunda. Mwalimu aulize: kati ya hawa wawili, ni yupi anayeweza kuwa anapanda miti? Wanafunzi waandike dhana yao bila kusahihishwa.

Kituo cha 2: Safari ya mbegu (dakika 45)

Kila kikundi hutafuta mbegu chini ya miti na kuzipanga kulingana na namna zinavyosafiri. Mbegu za lusiola ni nyepesi na zina mabawa membamba. Mtoto akiirusha moja juu ataona jinsi upepo unavyoichukua. Matunda ya mutere humezwa na hondohondo na nyani wadogo wa msituni, kisha mbegu hudondoshwa mbali na mti mama. Mapera huliwa na ndege, kima na watoto wenyewe.

Kisha kikundi husimama mbele ya mukumu ulioukumbatia mti mwingine. Ndege alikula tini na kuacha mbegu juu ya tawi la mti ule. Mbegu ikaota huko huko juu, ikashusha mizizi hadi ardhini, na mizizi ikauzunguka mti mwenyeji. Baada ya miaka mingi mwenyeji hufa na mukumu husimama peke yake, mara nyingine ukiwa na uwazi katikati pale mti wa kwanza ulipokuwa. Maua ya mtini hujificha ndani ya tini yenyewe, na nyigu wadogo sana ndio huingia kuyachavusha. Hapo jibu la swali la siku huanza kupanuka: upepo, hondohondo, kima na nyigu wote wamepanda.

Mwalimu wa madarasa ya juu anaweza kuongeza jambo moja. Mutere ni mti wa nyumbani hapa Kakamega. Ulipopelekwa kule Amani, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ulienea kupita kiasi msituni kwa sababu hondohondo wa huko walizisambaza mbegu zake. Hapa Kakamega mpera nao ni mgeni, kwa asili ni mti wa bara la Amerika, na umeenea pembezoni mwa msitu kwa njia hiyo hiyo. Wanafunzi hujifunza kwamba hakuna mti mwema au mbaya peke yake. Kinachoulizwa ni mti upi, na mahali gani.

Kituo cha 3: Kupima mti (dakika 40)

Kikundi huchagua mti mmoja na kuupima kwa kamba na rula. Mzingo wa shina hupimwa kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, yaani sentimita 130 kutoka chini. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 314 una kipenyo cha sentimita 100, yaani mita moja kamili.

Urefu hupimwa kwa fimbo. Mwanafunzi hunyoosha mkono mbele na kushika fimbo wima, sehemu iliyo juu ya ngumi ikiwa na urefu sawa na umbali kutoka jicho lake hadi ngumi. Hurudi nyuma taratibu, mwongozaji akimwangalia asijikwae, hadi ngumi ilingane na kitako cha mti na ncha ya fimbo ilingane na kilele. Umbali kutoka aliposimama hadi mti unakaribia kuwa sawa na urefu wa mti. Vikundi viwili vipime mti mmoja na kulinganisha. Wakipata mita 24 na mita 27, wajadili kwa nini, kwani kutofautiana ni sehemu ya sayansi.

Baada ya hapo watembelee sehemu ya miti iliyopandwa na watu, kama zile zilizo karibu na Isecheno. Huko miti husimama kwa mistari, ni ya aina moja na unene wake unakaribiana. Wahesabu aina za mimea ndani ya hatua kumi kwa kumi, kisha wahesabu eneo la ukubwa huo huo ndani ya msitu wa asili. Tofauti ya namba hizo mbili itasema zaidi ya hotuba yoyote.

Kituo cha 4: Udongo na maji (dakika 45)

Kila kikundi huwa na mkebe uliotobolewa pande zote mbili na kingo zake kugongwa zisikate, nusu lita ya maji, na saa. Mkebe hudidimizwa kidogo kwenye udongo chini ya miti, maji humiminwa, na muda wa kunywewa hupimwa. Jaribio hurudiwa kwenye njia iliyokanyagwa sana.

Kwa kawaida udongo wa chini ya miti hunywa maji upesi zaidi. Sababu zake mtoto anaweza kuziona kwa kufunua majani makavu: mboji laini, mizizi, na vitundu vya minyoo na wadudu. Kwenye njia, vitundu hivyo vimefungwa na miguu, na maji hubaki juu au kutiririka.

Mwalimu aulize maji yanayotiririka huenda wapi. Yanaingia Isiukhu. Isiukhu huingia Nzoia, na Nzoia hupita Budalang'i katika Kaunti ya Busia, ambako mafuriko yamewahamisha watu mara nyingi. Mvua inayonywewa na udongo wa hapa hufika mtoni polepole. Ile isiyonywewa hufika yote kwa pamoja, ikibeba udongo wa mashamba. Mtoto aliyepima kwa mkebe ataielewa habari ya mafuriko redioni kwa namna nyingine.

Kituo cha 5: Mti uliochunwa gome (dakika 30)

Kituo hiki ni kigumu kidogo, na hakifai kurukwa. Mwongozaji huwapeleka wanafunzi kwenye mwiritsa, na kama upo, kwenye mmoja uliochunwa gome. Gome la mwiritsa hutumiwa na waganga wa kienyeji, na ng'ambo hutengenezewa dawa za uvimbe wa tezi dume. Kwa sababu ya mahitaji hayo, tangu 1995 biashara ya kimataifa ya mti huu inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES.

Wanafunzi wachore shina na kuweka alama ya mahali lilipojeruhiwa. Kisha waelezwe: maji hupanda kutoka mizizini kupitia mbao, lakini chakula kilichotengenezwa na majani hushuka kupitia tabaka lililo chini tu ya gome. Gome likichunwa upande mmoja, mti unaweza kupona. Likichunwa kuzunguka shina lote, mizizi hukosa chakula. Majani yanaweza kubaki ya kijani kwa muda, na mpita njia akadhani mti ni mzima, kumbe unakufa kwa njaa.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Katika darasa lolote kuna mtoto ambaye mama yake huokota kuni kwa kibali cha mwezi, au ambaye baba yake huchimba mukombero wa kuuza. Somo lisimfanye mtoto huyo aone aibu. Swali la kuuliza ni: je, dawa hii inaweza kupatikana bila kuua mti? Majibu yapo. Wakulima wanaopakana na msitu wameanza kuupanda mukombero mashambani mwao. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kikishirikiana na watafiti wa kituo cha icipe, kilipanda mwonyi na kutengeneza dawa ya kuchua iliyouzwa kwa jina la Naturub. Vyama vya misitu vya jamii navyo, kama Muileshi, vina nafasi kisheria ya kushiriki katika usimamizi wa msitu. Mtoto aelewe kwamba familia yake inaweza kuwa sehemu ya jibu.

KURUDI DARASANI

Siku inayofuata, kila kikundi huwasilisha ushahidi wake na darasa hulijibu swali pamoja. Hakuna jibu moja. Upepo ulipanda, na ndege, kima na nyigu pia. Wazee walioheshimu mukumu na murembe bila kuikata walipanda kwa kuacha. Sehemu nyingine zilipandwa na wafanyakazi wa misitu kwa mistari. Na mpaka wa mwaka 1933, ambao pia ulibadilisha namna jamii zilivyoutumia msitu, ulilinda kile kilichokuwa kimekwisha kuota.

Kutokana na jibu hilo hutoka funzo ambalo hata watu wazima hulihitaji. Mtu anaweza kupanda miche elfu moja kwa siku, na kufanya hivyo ni vyema. Hawezi kupanda hondohondo, nyigu, mboji na mukumu wenye umri wa babu yake. Msitu wa asili ukikatwa, kitalu hakiwezi kuurudisha kama ulivyokuwa. Kwa hiyo kupanda miti na kulinda msitu ni kazi mbili, na kaunti inazihitaji zote mbili.

USALAMA NA RUHUSA

Elimu ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa, wakati elimu ya chekechea iko chini ya kaunti. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi hupata idhini ya safari katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na idhini ya maandishi ya kila mzazi. Ofisi ya msitu iarifiwe mapema ili mwongozaji apatikane na ada, kama ipo, ijulikane. Mambo haya yazingatiwe:

- Somo lifanyike asubuhi. Mvua ya Kakamega hunyesha sana alasiri, mara nyingi ikiwa na radi. Mawingu yakianza kujikusanya, kikundi kitoke msituni bila kungoja matone ya kwanza.
- Viatu vilivyofungwa na soksi ndefu huzuia siafu na miiba. Siafu wakionekana njiani, kikundi kipite mbali nao bila kusimama.
- Wanafunzi wabaki njiani na wasiingize mikono kwenye mashimo au chini ya magogo. Mtu akiumwa na nyoka, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisisogezwe, na apelekwe hospitalini mara moja. Jeraha lisikatwe, lisinyonywe, wala lisifungwe kwa kamba ya kubana.
- Hakuna kula tunda au uyoga wa msituni bila idhini ya mwongozaji. Kima wasilishwe chakula.
- Mwalimu ajue mapema ni mwanafunzi yupi ana pumu, kifafa au mzio, na abebe dawa zake. Mwanafunzi mwenye ulemavu achaguliwe njia inayomfaa, asiachwe shuleni.
- Maji yabebwe kwenye chupa za kutumiwa tena. Tangu Juni 5, 2020, chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na hifadhi zilizolindwa.
- Idadi ya wanafunzi ihesabiwe wakati wa kuingia, katika kila kituo, na wakati wa kutoka.

SHULE ZILIZO MBALI NA MSITU

Shule ya Likuyani, Lugari, Matungu au Mumias Mashariki si lazima ikodishe basi. Shule za upande wa Malava zina kipande cha Msitu wa Malava karibu. Nyingine zinaweza kutumia miti mitatu iliyo uani, ua wa kanisa au msikiti, au kingo za kijito. Jaribio la mkebe hufanya kazi vizuri likifanywa chini ya mwembe wa shule, kisha uwanjani panapochezewa kandanda, kisha kando ya shamba la miwa. Mti wa uani una faida yake: unaweza kupimwa kila muhula, na mtoto wa Gredi ya 1 akaandika mzingo wake hadi afike Gredi ya 6. Rekodi hiyo ya miaka sita ni hazina ya shule.

WAZAZI WANAWEZA KUFANYA NINI

Mzazi asiye na nauli ya safari ana jambo kubwa la kutoa, nalo ni majina. Akitembea na mtoto kwenda sokoni au kisimani, amwonyeshe mti mmoja, amwambie jina lake kwa lugha ya nyumbani, na kazi ambayo bibi yake aliutumia. Mti mmoja kwa wiki ni zaidi ya miti hamsini kwa mwaka. Wazee wanaoijua miti wanaweza kualikwa shuleni, wakae chini ya kivuli na kuulizwa maswali na watoto.

Majina hayo yakipotea, msitu utabaki kuwa miti tu machoni pa mtoto, na mti usio na jina hukatwa bila mtu kuuliza. Lakini mtoto aliyepima mwiritsa kwa mikono yake, akachora mahali gome lake lilipochunwa, atausimamia mti huo akikua, awe mkulima, askari wa misitu, mganga au mjumbe wa bunge la kaunti. Shule inayotaka kuanza muhula ujao inaweza kuanza na swali moja, mkebe mmoja na kamba moja.